Rota ya Gari la Baba

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni katika mtaa wa spea, Moshi mjini, na kila mtu aliyekuwa mbele yangu amebeba kitu kibovu isipokuwa mimi.

Jambo hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu hata nilipokuwa macho maduka yote ya mtaa ule yalikuwa yamenijibu neno moja: leta sampuli. Hakuna anayekuuzia spea mpaka umwonyeshe ile ya zamani. Nami nilikuwa natafuta rota ya gari la marehemu baba, gari dogo la Kiingereza la viti viwili, rangi ya kijani, paa la turubai. Rota ni kipande cha plastiki kama kidole gumba, chenye ulimi wa shaba, na ndicho kinachogawa moto kwenye plagi. Baba alikuwa akiichomoa kila alipoegesha ili mwizi asiondoke na gari. Aliichomoa hata kanisani. Mwaka jana alianguka ibadani, akakimbizwa hospitali kwa gari la mchungaji, hakurudi. Gari lake vijana wa kwaya walilisukuma mpaka nyumbani. Rota haikuonekana, tukakubaliana kwamba tumemzika nayo mfukoni mwa suti.

Kaka yangu Eliapenda alishasema. Jumamosi anakuja na watu wa chuma chakavu. Likiwaka, libaki. Lisipowaka, liende.

Foleni inasogea. Mama mmoja anamweka mumewe juu ya kaunta, amemfunga kwa kanga.

"Mnayo kama hii?"

"Ya mwaka gani?"

Mume mwenyewe anataja mwaka. Wauzaji wanampima kwa futi ya fundi cherehani, wanamgonga mgongoni, wanasikiliza. Wanasema huyu bado mzima, amekosa grisi tu. Mama anamfunga tena na kuondoka naye, na uso wake hauna furaha.

Zamu yangu. Wauzaji ni kabureta wawili, pacha, Kulwa na Doto, wamevaa masweta. Gari letu nalo lina kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na fundi yeyote atakwambia haziendi mpaka zipumue sawasawa. Kwa hiyo hawa hawawezi kusema mpaka wapumue sawasawa. Nasubiri. Doto anatangulia, Kulwa anamwamuru arudie. Mwishowe wananipa kipande cha mpira wa maji nikiweke sikioni, kama fundi anavyosikiliza pumzi ya kabureta, na hapo nawasikia.

"Shikamooni," nasema, kwa kuwa sijui kabureta ana umri gani.

"Marahaba. Sampuli?"

"Sina. Imepotea. Ndiyo maana naitafuta."

"Dada, kama huna, sisi tutajuaje kuwa ndiyo?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kufanya nini hapa?"

Wanatazamana. "Wengi huja," anasema Doto. "Kulinganisha."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, hata usingizini. Nikawaambia basi wanipe ya Corolla, si kila siku mafundi wanasema zinaingiliana? Rota ya Corolla ikashuka rafuni kwa miguu yake, ikavua kofia, ikaniambia kwa adabu kwamba imeshajaribiwa katika magari mengi isiyoyajua na imechoka. Nikaiomba radhi. Ikapanda tena.

"Huna ya zamani," wakasema pacha kwa pumzi moja. "Basi mlete aliyeichomoa."

"Amefariki."

"Hatukuuliza hali yake."

Nageuka nitoke, na mlango wa duka unafungukia ndani ya kanisa letu. Ibada inaendelea. Kulwa na Doto wameshafika kwaya, wanaimba besi, Doto bado anatangulia. Gari la baba limekaa benchi la mbele, limezima taa kwa heshima. Hakuna anayeshangaa, nami naona ni utovu wa adabu kushangaa peke yangu. Naketi nyuma yake.

"Kesho unauzwa kwa kilo," nalinong'oneza.

"Kwa nini?"

"Umeharibika."

"Nani? Mimi sijaharibika," likasema gari. "Nimefungwa nisiibwe. Aliyenifunga amesema anarudi."

Nikafungua kitabu cha nyimbo nijifiche, kumbe kimeandikwa kwa inchi, na mimi nimesomea sentimita. Nikakifunga. Nilipoinua macho baba alikuwa pembeni yangu, ndani ya suti yake, ananiashiria nisogee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

"Aika."

"Aika yupi?"

"Mwanao, baba!"

"Leta sampuli."

Hapo nilitaka kulia. Mimi wa zamani ningemtoa wapi? Nilipokuwa mdogo walinibana nyuma ya viti viwili vile, mama na baba mbele, mimi mgongoni mwao kama mzigo wa ndizi, na tukifika kanisani nilikuwa situlii hata kidogo. Baba akawa ananipa rota. "Shika mpaka ibada iishe," alikuwa akisema, nami nilitulia kabisa, kwa sababu gari zima lilikuwa mkononi mwangu.

Nikafumba ngumi, nikaiweka gotini pake. Baba akavua futi shingoni, akaipima urefu, akaipima mzunguko, akaigeuza chini juu.

"Imekua," akasema. "Lakini inaingiliana."

Nilifurahi, tena furaha ya kijinga, mpaka gari likageuza kioo cha pembeni kunitazama.

"Sasa nipe, baba. Iko mfukoni mwako."

"Mfuko gani? Mlininunulia suti mpya, na mifuko ya suti mpya huwa imeshonwa. Hakuna aliyeifumua." Akajaribu kuingiza mkono, ukateleza. "Mwaka mzima sina pa kuweka mikono."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Akasema si kitu, ila mwingine akifa tukumbuke.

"Basi rota iko wapi?"

"Siku ile nilimpa mtu ashike. Alikuwa hatulii."

"Mtu gani?"

Baba akaweka kidole mdomoni, maana mchungaji alikuwa anatutazama. Mchungaji alikuwa pampu ya mafuta. Nikauliza tena kwa nguvu, na sauti yangu mwenyewe ikaniamsha.

Kumekucha, Jumamosi. Nje ya geti pikapu ya Eliapenda inapiga honi. Nikaenda jikoni nikiwa bado nimefumba ngumi, nikaona aibu, nikaifumbua.

Mama alikuwa anamimina chai kwa mkono wa kushoto. Tangu msiba, kila asubuhi humimina kwa mkono wa kushoto. Sisi tulisema ni baridi yabisi, na mimi ndiye niliyemnunulia dawa ya kuchua. Dawa iko dirishani, haijafunguliwa.

Nikauangalia mkono wa kulia. Ulikuwa umefumbwa juu ya kitambaa cha meza.

"Mama, umeshika nini?"

Aliweka birika chini kwanza. Kisha akafumbua. Rota ilikuwa pale kiganjani, ulimi wake wa shaba uking'aa kwa kushikwa.

"Nilimwona anatoka jasho, nikawa situlii," akasema. "Akanipa hii nishike mpaka ibada iishe."

Honi ikapigwa tena. Mama akafumba mkono.

"Hakuna aliyeniambia imeisha."