Kidonge cha Watasema

Mbwa alianguka saa nne asubuhi, mbele ya lango la ghala la mbao, lori la kwanza likiwa linaingia. Hakugongwa. Alikimbia hatua ishirini kulibwekea, kama alivyofanya kwa miaka sita, akakohoa, miguu ikamlegea, akalala ubavu. Mlinzi wa lango, mwanamke mrefu ambaye wapakiaji walimwita Mama Filimbi, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao na kumwekea mkono kifuani. Moyo ulikuwa unapiga ovyo ovyo.

Mbwa huyo, jike la rangi ya kahawa, aliitwa Watasema. Mama Filimbi alimpa jina hilo siku alipoambiwa kwamba lango halilindwi na mwanamke na kitoto cha mbwa.

Msimamizi wa ghala akamwita daktari wa kliniki ya wanyama, kijana mwenye koti jeupe. Akatoa damu, akaidondosha kwenye kipimo, akasubiri.

"Minyoo ya moyo," akasema. "Inaletwa na mbu. Anamuuma mbwa mgonjwa, kisha anakuja kumuuma huyu na kumwachia vijidudu. Vinakua ndani ya moyo na mishipa ya mapafu, virefu kama tambi. Kila hatua anayopiga inamchosha."

Tiba ilikuwa sindano za kuagizwa, na bei yake aliitaja kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba. Msimamizi akatikisa kichwa.

"Kwa hela hiyo napata mbwa watatu. Ijumaa njoo umchome ile ya kumlaza milele, yaishe."

"Hachomwi," Mama Filimbi akasema.

"Mbwa ni wa kampuni."

"Basi kampuni imtibu."

"Kampuni haitibu mbwa."

"Asiyejua kuuguza asidai mali. Niandikie kwamba umenipa."

Msimamizi akaandika huku anacheka. "Utazika mwenyewe."

Mama Filimbi akaazima mkokoteni wa wapakiaji, akampakia Watasema, akausukuma barabarani jua la mchana likimwakia, sare mwilini. Mtu mmoja dukani akapaza sauti: "Afande, mbwa kapandishwa cheo?"

"Kapandishwa. Wewe bado unatembea."

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, msusi, ambaye chumba cha mbele kilikuwa saluni yake. Dada akasimama mlangoni na kitana mkononi.

"Watu wanakosa dawa, wewe unaniletea mbwa mgonjwa?"

"Nikimwacha huyu afe, dada, kuna mtu atakayepona?"

Dada akakishusha kitana. "Asilalie nywele za wateja," akasema, akapisha.

Siku yake ya mapumziko, Mama Filimbi alikwenda ofisi ya mifugo. Daktari wa pale alikuwa mama mtu mzima mwenye mabuti ya mpira, ametoka kumzalisha ng'ombe.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akasikiliza mpaka mwisho. "Sitakudanganya. Sindano ndiyo tiba bora. Ukishindwa kabisa, ipo njia ya pole pole: kidonge cha kinga kila mwezi, dawa ya kuua bakteria kwa vipindi, na utulivu. Minyoo mikubwa itakufa mmoja mmoja. Mwaka, pengine miwili. Akikimbia mbio na mnyoo uliokufa ukaziba mshipa, umempoteza. Utaweza kumtuliza mbwa wa lindo muda wote huo?"

"Sijui. Ila simwachi." Kisha akauliza, "Hicho kidonge, angepewa tangu mwanzo?"

"Asingeugua. Ni bei ya soda mbili kwa mwezi, kikinunuliwa kwa boksi kubwa. Tatizo, watu huja mmoja mmoja, na siku wanayokuja wameshachelewa."

Mama Filimbi akahesabu vidoleni. Miaka sita. Soda mbili.

Watasema akaanzishiwa dawa hizo, akafungwa kamba fupi pembeni mwa kiti cha kusukia. Kila mteja alipoingia, mbwa alitaka kumrukia, na dada, vidole vikiwa katikati ya mistari, alimkaripia bila kugeuka: "Tulia, binti, hapa hakuna lori." Mwezi wa tatu wa dawa, mbwa akakohoa damu. Mama Filimbi alikuwa kazini. Dada akafunga saluni, mteja mmoja akaondoka na kichwa kilichosukwa nusu, naye dada akamfunika mbwa kwa kanga yake na kumbeba mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo. Walimweka huko siku nne. Akarudi amekonda, lakini yu hai.

Wiki hiyo hiyo msimamizi alileta mbwa mpya, mdogo, masikio bado yamelala. Mama Filimbi akasimama katikati ya lango na kuacha malori mawili yakingoja.

"Huyu atapimwa, atapewa kidonge kila mwezi. Na yale mapipa ya maji yaliyojaa viluwiluwi vya mbu yamwagwe leo."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Kesho asubuhi uyapange malori wewe."

Wapakiaji wakasimamisha kazi. Mmoja wao, bila kusema neno, akaliendea pipa la kwanza na kulipindua. Maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vya msimamizi. Akayatazama, akatazama malori. "Haya," akasema. "Mpeleke akapimwe."

Mama Filimbi hakuishia hapo. Alipita lango kwa lango mtaa mzima, akiongea na walinzi wenzake, mpaka wakapatikana mbwa kumi na mmoja, wa kutosha kununuliwa boksi moja la vidonge. Daktari wa mifugo akakubali kwa sharti moja: kila mbwa apimwe damu na uzito kwanza, kwa sababu kidonge hicho hakigawiwi kwa kukadiria.

Watasema alipimwa baada ya mwaka na nusu, akapimwa tena miezi sita baadaye. Mara zote mbili, safi. Moyo ulibaki na kovu na lindo likawa basi, lakini alitembea hadi kona na kurudi bila kukohoa.

Jumamosi moja, kwenye foleni ya upimaji, mlinzi wa kiwanda cha sabuni aliambiwa na msaidizi wa daktari kwamba mbwa wake ana minyoo ya moyo. Akaanza kumvuta kwenda zake. "Basi. Huyu kwisha."

Mama Filimbi akamshikia kamba. "Nani kakwambia? Kaa hapo kwenye benchi, daktari anakuja."

Mwanamume akamtazama, akamtazama mbwa wake, akakaa.