Fundi Aliyehamia Kichwani mwa Mama Mkwe

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi mwenyewe, wala hakuna wa kumsingizia. Mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua suruali yake, akaingia nyuma ya pazia kuijaribu, na alipotoka alikuwa anatembea kama mtu anayetaka kukata kona na kona haifiki. Fundi alikuwa ameikata suruali ile ikawa na miguu miwili ya kulia. Badala ya kuomba radhi, alimzunguka mteja wake, akavuta kitambaa huku na huku, akasema kwa uso mkavu kwamba suruali iko sawa, kasoro iko kwenye miguu.

"Miguu hii nimetembea nayo miaka hamsini," mwalimu akasema.

"Ndiyo maana imechoka."

Waliendelea kubishana hivyo mpaka sauti ikatoka chumba cha nyuma, ambako mama mkwe wa fundi alikuwa anakunja mashuka. Alisema kwamba kiuno cha mwalimu ni thelathini na sita, mguu wake wa kushoto umeuzidi wa kulia kidogo, na kitambaa hugeuzwa kabla ya kukata upande wa pili, vinginevyo mtu anavalishwa miguu ya upande mmoja. Mama huyo alikuwa hajawahi kushika mkasi wa fundi maishani mwake. Mwalimu alikubali kwamba vipimo ni vyake, akaivua suruali, akaenda kufundisha.

Fundi hakuwa na kawaida ya kuandika vipimo vya watu. Alimpima mteja mara moja tu, akamweka kichwani, na tangu hapo mteja huyo angeweza kutuma salamu akashonewa. Marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alifanya vivyo hivyo. Fundi alipenda kujigamba kwamba mtaa wote anaujua kwa viuno, na kwamba akitaka kujua nani kashiba na nani kakonda haulizi mtu.

Lakini tangu ujana alikuwa na kifafa. Kilimwangusha barabarani, kikamwangusha msibani mbele za watu, na mara moja kilimwangushia mkono juu ya pasi ya moto, ikamwachia alama ya pembetatu ambayo anayo mpaka leo. Hospitali wakampa vidonge vyeupe, kimoja asubuhi na viwili usiku, na kifafa kikatulia. Akavimeza miaka kumi na mitano bila kukosa, na kwa shukrani.

Ndipo kumbukumbu zilipoanza kumhama. Kwanza yalianza kumtoka majina ya watu, akacheka. Kisha maneno ya kawaida yakawa yanamfikia kwa kuchelewa, kama wageni waliopotea njia. Kisha vikaondoka vipimo. Na kila kilichomtoka fundi kilipita ukutani, kikaingia kwa mama mkwe wake, kwa sababu kitanda cha mama huyo na meza ya kukatia vilikuwa vinatenganishwa na ukuta mmoja, na kichwa chake ndicho kilichokuwa karibu. Mke wa fundi alikuwa anashinda kiwanda cha mikate. Kama angekuwa anashinda nyumbani, pengine vingeingia kwake.

Aibu ya fundi haikuwa kubwa kama mtu anavyoweza kufikiri. Mama mkwe alimkumbuka mwanamke ambaye fundi alitaka kumwoa kabla ya binti yake, akasema mezani kwamba alikuwa na meno mazuri. Alikumbuka pia jina ambalo fundi alimpa yeye mwenyewe, kwa siri, alipokuwa akimsema kwa rafiki zake miaka ya mwanzo ya ndoa.

"Kumbe mimi ni Kamanda," alisema, akaomba asogezewe chumvi.

Fundi alikuwa halikumbuki jina hilo, kwa hiyo hakuwa na namna ya kulikana. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilimwita Kamanda, naye akaitika. Wateja wakawa wanapitia mlango wa nyuma kwanza, wanachukua vipimo vyao kwa Kamanda, kisha wanavipeleka mbele kwa fundi.

Kitu kimoja kilikuwa bado hakijahama, nacho ni koti. Suruali anashona kila mwenye cherehani. Lakini koti ambalo kola yake inalala yenyewe shingoni bila kubembelezwa, mtaa mzima lilikuwa la fundi huyu, na ndilo lililokuwa linailisha ile nyumba. Asubuhi moja alitandika kitambaa cha koti, akachora mgongo, akachora mbele, akachora mikono. Alipofika kwenye kola, hakukuta kitu. Palikuwa patupu, kama mahali pa jino lililong'oka.

Chumba cha pili, ufagio wa Kamanda ulisimama.

"Mkwe," akaita. "Kola ya chini inakatwa mshazari. Imeingia sasa hivi."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungekuwa unajua, mimi nisingekuwa nayo."

Fundi akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, chaki mkononi. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekuja kufuata suruali iliyorudiwa, alimwangalia kwa huruma akamwambia kwamba chanzo ni wazi, ni hivyo vidonge. Si avitupe tu chooni mambo yaishe?

Kamanda akatokea mlangoni na ufagio wake.

"Mwalimu, mimi ninayo harufu ya ule mkono, alipozinduka ukiungua. Yeye keshaisahau, ndiyo maana anakusikiliza. Dawa ya kifafa haitupwi chooni. Inaulizwa, na anaulizwa aliyeitoa."

Fundi akaiweka chaki mezani. "Basi tutakwenda kumuuliza," akasema. "Na tusipojibiwa tutarudi." Usiku huo alimeza vidonge vyake viwili kama kawaida.

Huku wakiisubiri siku ya kliniki, fundi akawa mwanafunzi wa Kamanda. Kila jioni alisimama upande mmoja wa meza, Kamanda upande wa pili, wakarudia koti kuanzia begani. Kamanda alifundisha kwa maneno aliyoyapata pamoja na ujuzi wenyewe.

"Kata, usitafune. Mkasi umeshakula chakula cha mchana."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Hayo maneno ya nani?"

"Ya baba yako."

"Kumbe alikuwa mcheshi."

"Alikuwa anasema huku anakuchapa na rula."

Kola aliyojifunza Jumatatu, Jumatano ilikuwa imesharudi kwa Kamanda, na Alhamisi fundi aliianza upya bila kununa. Ikimkalia siku mbili, siku hizo anashona makoti mfululizo. Ikiondoka, anaifuata. Mkewe alirudi kutoka kazini na unga kwenye nyusi, akawakuta wamesimama hivyo, akawawekea chai pembeni ya kitambaa, mbali kidogo isije ikamwagika.

Siku ya kliniki fundi na Kamanda walipanga foleni tangu mapema. Daktari alikuwa yuleyule wa miaka yote. Aliuliza swali lake lilelile bila kuinua macho.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nasahau."

"Umri huo."

"Nina miaka arobaini na tatu."

"Basi mawazo."

Fundi akamweleza mambo yote, na mahali yanakokwenda. Daktari aliweka kalamu chini, akamgeukia Kamanda, akamuuliza mke wa fundi alivaa nini siku ya harusi.

"Gauni lililombana kwapa. Alilishona huyu, usiku kucha, na hakumwambia mtu kwamba usingizi ulimzidi alipofika kwapa."

Daktari aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi kumbukumbu hazijapotea," akamwambia fundi. "Ziko nyumbani. Wenzako wengine zao hatujui ziliko."

Kamanda akafumba macho. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya daktari mwenyewe, ila ya kijana zaidi. "'Tuanze na hivi, ndivyo vilivyopo. Mwaka ukiisha tutakupima damu na kuangalia kama kuna dawa nyingine inayokufaa zaidi, maana hivi vikitumika muda mrefu vinaweza kugusa kumbukumbu. Wewe nikumbushe tu.'" Akafumbua macho. "Ulikuwa na nywele."

Daktari akajipapasa kichwa. "Inawezekana nilisema. Sasa mbona hukunikumbusha?"

"Daktari," fundi akasema, "mimi nilikata suruali yenye miguu miwili ya kulia nikajiona bingwa wa wajinga. Lakini wewe kunipa dawa ya kusahaulisha, halafu kazi ya kukumbusha ukaniachia mimi, hapo umenipita."

Daktari alitabasamu, kwa sababu lilikuwa neno zuri, akaandika vidonge vilevile, kimoja asubuhi na viwili usiku, akavitoa kabatini na kuviweka mezani. Alieleza kwa upole kwamba dawa nyingine zipo, ila hazipo hapa. Kwamba vipimo vya damu hufanywa kwa mgonjwa anayeanguka. Na kwamba aliyetulia hapelekwi kwa bingwa, kwa kuwa bingwa ana foleni ya wasiotulia. Ndio utaratibu.

"Mwezi ujao nitakuja kuuliza tena," fundi akasema. "Na unaofuata."

"Karibu."

"Nikisahau, mama atanileta."

"Ndivyo ninavyosema. Kwa hiyo tatizo liko wapi?"

"Tatizo mama ana miaka themanini. Akiondoka anaondoka na koti langu, na baba yangu, na harusi yangu. Nami nabaki na pasi."

Daktari alifikiri kidogo. Nje, mwenye kadi aliyefuata alikuwa ameshaushika mlango.

"Basi fanyeni hivi," akasema. "Mkiona mama hali yake imekuwa mbaya, mnikumbushe."

Kamanda akasimama, akachukua vile vidonge mezani, akavitia kwenye mkoba wake na kuufunga.

"Usihangaike, mwanangu. Nikishakufa nitakuja mwenyewe kukukumbusha, na siku hiyo sipangi foleni."