Ukurasa wa Kumi na Nne wa Faili la Choo

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa na wimbo mmoja: kwangu karatasi haipotei. Mimi ndiye mtunza masjala wa ofisi ya maji. Barua ikiingia naipiga muhuri, naipa namba, naiweka juu ya kurasa za faili lake, kisha faili linazunguka meza hadi meza. Kila mkubwa anasoma ukurasa wa juu, anaandika maoni yake pembeni, anatia sahihi na kumpitishia mwenzake. Wenzangu waliniita Mama Muhuri, na mtoto sina. Sikuwakatalia. Niliweza kumtafutia mtu barua ya miaka tisa iliyopita kabla chai yake haijapoa, na nilijisikia kweli kweli.

Halafu kuna ile sheria. Niliitunga mwenyewe, nikaichapa kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani juu ya kila meza: FAILI LIKITOKA MASJALA HALIRUDI HADI LIMALIZE MZUNGUKO. HAKUNA UDHURU. Niligombana na nusu ya jengo kwa ajili ya sheria hiyo, na sikulegeza hata kidogo. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure.

Sasa, fundi wa mita. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya chini, na kazi yake ni kufungua mita za maji zilizokwama, kuzisafisha na kuzipima upya. Kila asubuhi alipanda kuniletea ripoti zake. Hakuwa akigonga mlango. Alikohoa mara moja, akasubiri. Kisha, kabla ya kunikabidhi karatasi, alizinyoosha pembe kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, kwa sababu siku moja nilimlalamikia kwamba pembe zilizojikunja zinaniharibia mafaili. Wanawake wengine hutaka maua. Mimi nilimalizwa na pembe za karatasi.

Asubuhi moja akaniletea barua yake mwenyewe. Alikuwa anaomba uhamisho kwenda tawi letu la mji wa pili, mwendo wa saa tatu kwa basi. Sababu aliandika maneno mawili tu: za kifamilia. Pale mimi nikasoma mwanamke. Nikamwona kabisa, mrefu, mwenye kucheka, anamngojea kituoni.

Kazi yangu ilikuwa kuifungulia faili barua ile na kulipeleka kwa wakubwa. Nilifungua faili. Nikaandika jina lake juu kwa mwandiko mzuri. Kisha nikainua mto wa kiti changu, nikalitia chini yake, nikaketi. Watu husema fulani amekalia faili, wakimaanisha analichelewesha. Mimi nililikalia kwa makalio yangu.

Kila asubuhi aliniuliza, "Dada, ile barua yangu imefika wapi?"

"Inashughulikiwa, kaka," nilimjibu, na ukingo wa jalada unanichoma pajani.

Mwongo ana kazi. Nilianza kushindwa kula. Siku moja, saa saba mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula, nikachukua karatasi ili niyatoe yaliyokuwa yananikaba, kisha niichane. Niliandika aya tatu. Ya kwanza ilihusu kikohozi chake na jinsi ninavyokisubiri tangu nisikie hatua zake kwenye ngazi. Ya pili ilihusu vidole vyake, na sitairudia hapa. Ya tatu ilisema hivi: "Faili lako la uhamisho sijalipeleka popote. Liko chini yangu. Sitaki uondoke." Sikutia sahihi, kana kwamba katika jengo lile kuna mtu asiyeujua mwandiko wangu.

Hapo ndipo alipoingia mkuu wa utumishi, mama wa makamo ambaye ofisi nzima inamwita Shangazi kwa sababu mambo ya kila mtu anayajua.

"Mama Muhuri! Faili la choo liko wapi? Maji yamefika mlangoni kwangu!"

Ndiyo, sisi ni ofisi ya maji, na choo chetu cha ghorofa ya pili kilikuwa kinavuja tangu mwaka uliopita. Faili lake lilikuwa mbele yangu, na kando yake barua mpya ya fundi bomba ikisubiri muhuri. Kando ya barua hiyo, barua yangu. Kwa hofu, mikono ikafanya kazi yake ya miaka kumi na moja bila kuniuliza: muhuri, pa! Namba kumi na nne. Ndani ya faili, ukurasa wa juu. Nikampa Shangazi, akatoka.

Nilivuta pumzi, nikatazama mezani. Barua ya fundi bomba ilikuwa pale pale, haina muhuri.

Sijui nilipandaje zile ngazi. Nilimkuta Shangazi ameketi, miwani ameivua na kuishika mkononi.

"Mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Limeshaenda kwa Mwanasheria."

Mwanasheria wetu ni kijana wa suti moja na maneno mengi. Alikuwa amelishika faili kwa mikono miwili, na masikio yamemwiva.

"Lilete," nikamwambia. "Kuna kosa."

Akainua kalamu, akaielekeza ukutani juu ya kichwa chake. "Hakuna udhuru."

"Sheria hiyo niliitunga mimi!"

"Ndiyo inakubana zaidi, dada." Akatia sahihi. Kisha mtu huyo, ambaye hajawahi kushuka ngazi kwa ajili ya faili lolote, akashuka mwenyewe hadi karakana.

Nilirudi masjala, nikajificha katikati ya rafu mbili za barua za zamani, mtu mzima na heshima zangu. Nilisikia vicheko koridoni, na kila kicheko nilikihesabu kuwa changu. Nilijiapiza kuacha kazi. Nilijiapiza kuhama mji. Zaidi ya yote nilisubiri kikohozi pale mlangoni, na hakuna aliyekohoa.

Faili linalochukua wiki mbili kuzunguka lilirudi saa tisa kamili. Nililifungua kwa ncha ya kidole.

Shangazi alikuwa ameandika: "Nimesoma. Nimesoma tena. Mwandishi apewe maji ya kunywa."

Mwanasheria: "Aya mbili za kwanza hazivunji sheria yoyote. Aya ya tatu ni kukiri kosa."

Mahali pa karakana palikuwa na sahihi tu. Kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Na chini kabisa, Meneja: "Choo kitengenezwe. Faili la uhamisho liletwe leo, na mhusika aeleze kwa maandishi."

Mlango ukafunguliwa. Hakukohoa. Aliingia na ovaroli yake, akasimama mbele ya meza, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika.

"Kila asubuhi nilikuuliza," akasema.

"Kila asubuhi."

"Ukanijibu inashughulikiwa."

Nilitazama chini.

"Mama yangu alipooza upande mmoja. Hawezi kujigeuza kitandani. Dada yangu anamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, peke yake. Ni mwalimu, ameacha kwenda shule. Nilimwambia avumilie siku chache tu, barua iko kwa watu makini." Akaigonga meza kwa kidole. "Nilikusifia, unajua? Nilimwambia kwetu karatasi haipotei."

Hadi dakika ile nilidhani aibu ni watu kujua ninampenda nani. Hiyo haikuwa kitu. Nilitamani kurudi kwenye aibu ile ya kwanza, nichekwe mwezi mzima, kuliko kusimama mbele yake na kumfikiria mwanamke nisiyemjua, akihesabu saa mbilimbili kwa sababu yangu. Na mimi nilikuwa nimemfanya mrefu mwenye kucheka.

"Ile nafasi ya tawini inafungwa leo saa kumi na moja," akasema. "Ikipita leo, anapewa mwingine."

Niliinua mto. Jalada lilikuwa limepinda katikati kama kitanda kikuukuu. Alilitazama, akanitazama. Nililichukua, nikampita mlangoni.

Nililibeba mwenyewe, meza kwa meza, kwa watu wale wale waliokuwa wamenisoma saa chache zilizopita. Kila nilipoingia mazungumzo yalikatika. Nilijilazimisha kusimama na kungoja kila sahihi badala ya kuliacha faili na kukimbia. Shangazi alitia yake bila mzaha. Jambo hilo liliniuma kuliko mzaha. Mwanasheria alilipapasa jalada lililopinda, akafungua mdomo, akaniona usoni, akaufunga.

Meneja alinipa kiti. Sikuketi, nilikuwa nimeketi vya kutosha. "Maelezo yako," akasema.

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kwenye ngazi: wingi wa kazi, upungufu wa majalada. Kalamu ikakataa. Nikaandika ndani ya faili la fundi: "Faili hili limecheleweshwa siku kumi na tisa na mimi, mtunza masjala, kwa makusudi. Sikutaka mwombaji aondoke. Hana kosa lolote."

Meneja alisoma polepole. "Unajua hii itabaki humu miaka yote?"

"Najua. Mimi ndiye nitakayeitunza."

Akaidhinisha uhamisho. Mimi akanipa onyo la maandishi, nikalipiga muhuri kwa mkono wangu na kulitia kwenye faili langu, mahali pake, pembe zimenyooka.

Saa kumi na nusu, baada ya kuhakikisha tawini wamethibitisha, nilishuka karakana. Fundi alikuwa anafunga bisibisi zake ndani ya kitambaa. Nilimpa faili. Alisoma idhini, kisha akasoma maelezo yangu, na hapo akachukua muda.

"Hukuandika kwamba ulikuwa na kazi nyingi," akasema.

"Sikuwa na kazi nyingi."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. "Ile barua ya choo, aya mbili za kwanza ningeweza kuzijibu. Hii ya tatu inanizuia."

"Nisamehe, kaka."

"Siku kumi na tisa hazikuwa zangu. Zilikuwa za dada yangu. Kamwombe yeye." Akafunga begi. "Jumamosi kuna basi la saa kumi na mbili asubuhi."

Saa tatu nzima ndani ya basi nilitunga hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na hitimisho. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinipima kuanzia viatu.

"Ndiye?" akamuuliza kaka yake aliyekuwa nyuma yake.

"Ndiye."

"Dada, nimekuja kwa unyenyekevu mkubwa..." nikaanza.

"Unyenyekevu utanisaidia nini? Vua viatu, nawa mikono, njoo ushike bega."

Akanionyesha: mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na kwanza umwambie mgonjwa asije akashtuka. "Mama, tunakugeuza," nikasema. Mama alinitazama na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nadhani alidhani mimi ni muuguzi. Sikuwa na uso wa kumwambia mimi ni nani.

"Umechukua siku zangu kumi na tisa," dada yake akasema. "Utakuja Jumamosi kumi na tisa. Mimi nalala." Akaingia chumba cha pili, na muda si mrefu tukamsikia anakoroma.

Nilikwenda. Ofisini walinitania hadi wakachoka, na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye basi. Nilijifunza kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake. Nilijifunza kwamba mama anapenda redio iwe chini na dirisha liwe wazi. Dada yake aliniita "wewe," au akinikasirikia, "Masjala." "Masjala, umemwachia mama mkunjo mgongoni!" Nilikuwa nastahili, na mkunjo nilikuwa naunyoosha.

Aya ya kwanza fundi alinijibu Jumamosi ya sita, tukianika mashuka uani, kila mmoja ameshika pembe zake mbili. Ya pili alinijibu Jumamosi ya kumi na moja, na jibu hilo pia sitalirudia hapa. Ile ya tatu hakuigusa. Haikuwa yake kuijibu, na sote wawili tulijua.

Jumamosi ya kumi na tisa dada yake hakusema lolote. Nilipotoka, alifunga mlango nyuma yangu kama kawaida. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nimesamehewa au nimemalizwa tu.

Wiki iliyofuata niliamka saa kumi alfajiri, nikajiuliza nina haki gani ya kwenda, nikapanda basi hivyo hivyo. Nilibisha hodi huku miguu ikitaka kurudi. Alifungua yeye, nguo ya kazini mwilini, vumbi la chaki kwenye vidole, maana alikuwa amerudi kufundisha na Jumamosi alikuwa na darasa la asubuhi.

Alinitazama muda mrefu.

"Umekosea kuhesabu, wifi," akasema. "Zako ziliisha wiki iliyopita."

Machozi yalinitoka pale pale mlangoni, na sikuyafuta. Alinisogezea njia, akanipita akiwahi darasani. Nikavua viatu, nikaenda kunawa mikono, maana ilikuwa saa ya kumgeuza mama.