Maji ya Mama Geneviève

Fiacre alikuwa na bahari sebuleni. Mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, una mengi, una vumbi, una pikipiki, una wahubiri wenye vipaza sauti, ila bahari haujawahi kuwa nayo, na ndiyo maana watu walimtania mpaka akazoea. Alifanya kazi Mombasa miaka mingi, akishughulikia makontena ya wafanyabiashara wa Mahagi, na aliporudi kwao hakuleta gari wala makochi. Alileta sanduku la kioo, pampu, mifuko ya chumvi ya kuchanganya na maji, na ubishi wake. Wanyama walikuja baadaye kwa ndege kutoka Uganda, kila mmoja na mfuko wake wa maji: samaki wawili wa rangi ya chungwa, konokono wa kulamba uchafu wa kioo, na kamba, wale wadudu wa baharini wenye masharubu marefu. Majirani walikuja kutazama, wakauliza kama wanaliwa, wakaenda zao.

Sasa walikuwa wanakufa. Samaki walikuwa wazima, tena wamenenepa na wanagombana kama kawaida yao. Waliokufa ni wale wasio na mifupa. Kamba walianza, wakalala ubavu. Konokono wakafuata, wakidondoka kutoka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine. Fiacre alipima chumvi, akakuta iko sawa. Akapima joto, sawa. Akamkataza mkewe Nadège kupuliza dawa ya mbu, akamkataza binti yao Gracia kutia mkono majini, akajikataza mwenyewe marashi ya Jumapili. Wakaendelea kufa tu. Mtu mwingine angekubali kushindwa na konokono, lakini si Fiacre.

Hata hivyo konokono hawakuwa shida yenyewe. Shida ilikuwa mama mkwe wake. Mama Geneviève alifika mwanzoni mwa kiangazi akikimbia mapigano upande wa Nizi, na mzigo mmoja kichwani. Alipofika yeye, ndipo wanyama walipoanza kufa. Nyumbani hakuna aliyesema neno, lakini mama alikuwa na macho yake. Nyuma aliacha nyumba imeungua na mbuzi wamechukuliwa, na huku alikokimbilia, hata wadudu wa mkwe wake walikuwa wanakwisha. Ijumaa alimwambia Nadège kwamba Jumapili, baada ya misa, atapanda pikipiki arudi kijijini.

"Kule haiko amani, mama," Nadège alimwambia.

"Najua. Lakini mukosi iko inanifuata. Sitaki iguse mutoto yako."

Nadège aliingia sebuleni macho yamevimba, akamweleza mumewe. "Fanya kitu, Fiacre. Akirudi kule, hatutamuona tena."

Fiacre angefanya nini? Hata kumwomba abaki hakuweza. Kwa jinsi wote wawili walivyolelewa, mwanamume hazungumzi na bokilo wake, yaani mama mkwe, ana kwa ana. Humsalimu kwa mbali, macho chini, na mengine yote hupitia kwa mke. Mama alishinda jikoni, pale nyuma ya nyumba penye mafiga, basi Fiacre hakukanyaga jikoni. Waliishi kwenye kiwanja kimoja kama watu wa mitaa miwili. Aliogopa sana kwamba mama wa watu ataondoka akauawe kwa sababu ya konokono, naye asiweze kumwambia hata "kaa".

Akampigia simu Néhémie, mtu wa Mahagi aliyehamia Kampala, ambaye ndiye aliyemuuzia wanyama wale. Néhémie alimsikiliza bila kumkatiza, na kwa Néhémie hilo ni jambo la ajabu.

"Samaki iko muzima, na bale ya bila mifupa njo banakufa?" aliuliza. "Basi utafute shaba. Samaki inavumilia shaba kidogo. Konokono haiwezi hata chembe. Bale bamebaki, ubatoe leo, ubaweke kwa maji ya zamani kama uko nayo."

Alikuwa nayo. Bidoni moja, dumu la maji, ilibaki kutoka majira ya mvua, ameshaitia chumvi. Akaimimina katika beseni, akawahamisha konokono waliobaki, nao wakakaa chini kama kokoto. Kisha akaanza kuwinda shaba. Alifungua pampu, akakagua nyaya, akainua mawe yote ya chini. Alimwomba hata Nadège avue pete ya ndoa aitazame. Nadège alimkumbusha kwamba ile ni dhahabu ya machimbo ya Kilo, na kwamba aliyeinunua anapaswa kujua alinunua nini. Shaba haikuonekana popote.

Jumamosi mchana Gracia alimwita kwenye beseni. Konokono walikuwa wanatembea. Mmoja alikuwa amepanda mpaka ukingoni, pembe nje, anataka kutoroka. Fiacre alifurahi kama mtu aliyepona malaria, kisha furaha ikamletea swali. Kama maji ya zamani hayana neno, basi ubaya umo katika maji mapya. Na maji mapya yalitoka wapi?

Ya zamani yalikuwa ya mvua. Mvua ilipokatika, alimwomba Nadège amtafutie maji ya mvuke, kama yale ya kutia kwenye betri, kwa kuwa ya bomba hayawafai wanyama wale. Tangu hapo kila alipohitaji alikuta bidoni mlangoni, maji yake meupe kabisa. Alishukuru kupitia kwa Nadège, basi.

"Ile maji, nani anaitengeneza?" aliuliza.

"Mama. Anaipika sawa vile alikuwa anapika lotoko."

"Na nini?"

"Na tiyo yake."

Fiacre akaketi. Lotoko ni pombe kali, na mvuke wake hupita katika tiyo, bomba refu la shaba, mpaka upoe na kudondoka. Bomba lile lilimsomesha Nadège mpaka akapata diploma. Nyumba ilipoungua, mama aliokoa hilo tu, amelifunga katika kitenge. Na sasa maji yake ndiyo zawadi pekee aliyoweza kumpa mkwe wake. Nani atamwambia kwamba ni sumu?

"Umwambie weye," Fiacre alisema.

"Mi? Atasema ninamufunika kosa juu ni mama yangu. Hatanisikia. Uende weye."

Akaenda. Alikohoa kwenye pembe ya nyumba ili ajulikane anakuja. Mama Geneviève alishtuka, akageuka upande na kuvuta kitenge mpaka usoni. Sufuria ilikuwa motoni, bomba limetoka kwenye kifuniko, na mdomoni mwa bomba mna kutu ya kijani ambayo kila mtu aliyewahi kuona shaba iliyozeeka anaijua. Mzigo wa safari ulikuwa ukutani, umeshafungwa.

Fiacre alikaza macho kwenye bomba.

"Mi siongee na mama," alisema. "Ninaongea na hii tiyo. Tiyo, weye ulisomesha bibi yangu, ninakushukuru. Lakini maji ikipita ndani yako, inabeba shaba kidogo. Kwa mutu haina shida. Konokono njo inakufa. Zamani mulikuwa maji ya mvua, hakuna kitu ilikufa. Nimebarudisha kwa maji ya mvua, biko banatembea. Haiko mukosi. Ni shaba tu."

Akangoja mama akasirike, au alie, au abebe mzigo wake palepale. Moto ulilia chini ya sufuria. Nadège alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

Kitenge kikashuka taratibu. Mama Geneviève alimtazama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu harusi.

"Haiko mi?"

Fiacre naye akainua macho. "Haiko weye, mama."

Mama akaketi kwenye kigoda. Alianza kucheka, kicheko kikachanganyika na machozi, akawa anajifuta kwa pindo la kitenge na kucheka tena. "Tangu nitoke kule, nilizani kila nyumba ninaingia, kifo inaingia nyuma yangu," alisema. "Kumbe tiyo. Tiyo tutabadirisha."

Alivuta kuni nje ya mafiga, moja baada ya nyingine, mpaka sufuria ikaacha kuchemka. Kisha akamgeukia binti yake.

"Piga simu kwa ule mutu ya pikipiki," alisema. "Umwambie kesho asikuje."