Yangeyange Aliyeoshwa

Fundi wa makumbusho alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni usafi. Miaka ishirini na sita alichuna ndege waliokufa, akawajaza pamba na kuwapanga kwenye droo wakiwa safi kuliko walivyokuwa hai. Wenzake walimtania, "Wewe ukifa utajiosha mwenyewe." Hata asubuhi ile alitoka nyumbani akimgombeza bintiye kwa ajili ya koti la kazi lililoning'inia nyuma ya mlango miezi miwili, jekundu, halijaguswa na maji.

Kazini akaletewa yangeyange, ndege ambaye kila mtoto anajua ni mweupe pe. Huyu alikuwa na rangi ya kutu toka kichwani mpaka mkiani. Aliokotwa nje ya ukuta wa kiwanda cha rangi. Fundi akasonya. "Ndege gani mchafu hivi!" Akamtia kwenye karai. Sabuni, maji, sabuni tena. Maji mekundu yakaenda zake bombani mara tatu. Akamkausha, akamchana manyoya kwa brashi, na mzee wa watu akafurahi.

Saa sita akaingia mtaalamu wa ndege, msichana wa rika la bintiye, anahema.

"Mzee wangu, yuko wapi yule mwekundu?"

"Huyo hapo, mama. Umeona alivyopendeza?"

Mtaalamu akashika mdomo. "Umemwosha?"

Akavuta kiti, akaeleza taratibu. Ndege akibadilika rangi, ama kazaliwa hivyo, ama ni chakula, ama kapakwa na kitu cha nje. Rangi ya kuzaliwa haitoki kwa sabuni. "Huyu alijaa vumbi la kiwanda. Wenye kiwanda wanaapa halitoki nje ya mashine zao. Ningelipima, mzee wangu, hata wewe ungepata cha kuwaonyesha kuhusu binti yako."

Fundi akageuka kulitazama karai tupu. Bintiye alipakia magunia kiwandani humo miaka minne. Sasa anakohoa mpaka anashika ukuta, na kiwanda kimemrudisha nyumbani bila matibabu, eti daktari wao kaandika kifua chake ni kibovu tangu kuzaliwa. Uongo mtupu! Fundi ndiye aliyemlea, na utotoni hakuwahi hata kupiga chafya ya maana.

"Koti!" akasema ghafla. "Koti lake lipo! Halijafuliwa!"

Alikimbia, mtu mzima yule, aproni kiunoni, watu barabarani wanamshangaa.

Alimkuta bintiye uani, ameketi kwenye kigoda, pumzi inapiga mluzi. Beseni lilikuwa limefudikizwa kando yake. Koti lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji meupe.

"Baba, mbona mapema?" akasema, akitabasamu kwa shida. "Nimelifua. Nimelisuuza mara nne, mpaka maji yakatakata. Angalia mwenyewe, usije ukanigombeza tena."

Fundi akaligeuza koti, akachungulia mifukoni, akafungua mikunjo ya kola kwa kucha. Hakuna hata chembe ya vumbi.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Limetakata."