Rufaa ya Bibi Stefka

Mwezi ule tulishamwinua Bibi Stefka Hrynchuk mara nne kutoka sakafu ya jikoni kwake. Mara zote alisaini fomu ya kukataa hospitali, akatufungia perogi, vidonge vya unga vyenye viazi ndani, za kula njiani, tukaondoka. Ndivyo tulivyozoea sisi wa gari la wagonjwa huku Saskatchewan: inua, saini, nenda zako. Mara ya tano nikasema hapana, fomu ile siitoi.

"Ukali wa nini, binti?" akauliza, bado kakaa chini, kilemba kimemwendea upande. "Lete kalamu."

"Sileti. Lala hapo hapo nikupime presha."

Mwenzangu Dwayne akacheka. "Leo umekutana na mbabe mwenzio, bibi."

Akiwa amelala, presha ilisoma mia na hamsini. Tulipomsimamisha ikashuka hadi tisini na mbili, akaning'ang'ania bega. Dwayne akaleta dawa zake kutoka kabatini. Daktari wa hapa alimpa kidonge cha presha, na yule wa moyo kule mjini akampa kile kile kwa jina jingine. Naye, mtiifu, alikuwa akivimeza vyote viwili kila asubuhi. Na sisi tumekuja mara nne, tukala perogi! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nampigia daktari wako sasa hivi kuhusu vidonge," nikamwambia. "Halafu nakuandikia rufaa ya kliniki ya wanaoangukaanguka."

"Thubutu! Mwanangu Taras akiiona karatasi hiyo, kesho niko nyumba ya wazee. Hapa marehemu mume wangu alijenga kwa mikono yake. Sitoki!"

"Ukivunja nyonga utatoka, tena kwa machela."

Nilipomaliza simu nikachukua fomu. Penye sababu ya rufaa nikaandika kwa herufi kubwa, nikamsomea: "Anataka kubaki nyumbani kwake."

Akaninyang'anya karatasi, akaisoma mwenyewe, polepole. Kisha akanirudishia.

Swali lililofuata liliuliza ameanguka mara ngapi. Nikaanza kuandika tano.

"Ngoja," akasema. Hakunitazama. "Kumi na moja. Zile nyingine nilijikokota mwenyewe. Siku ya Pasaka nililala hapa tangu asubuhi mpaka jioni. Jirani alikuja na mayai yake ya sikukuu, akabisha hodi weee. Nikajiziba mdomo asinisikie."

Dwayne akaketi sakafuni kando yake.

"Andika," akasema bibi. "Andika yote."