Vyakula Alivyovikataza Kebonang

Kebonang alimnyima mumewe nyama miaka mitatu mizima, na alimnyima kwa mapenzi.

Ilianza siku kidole gumba cha mguu wa Oagile kilipovimba kikawa chekundu, hata shuka likikigusa anaguna. Daktari alisema ni jongo, apunguze nyama na pombe, arudi baada ya mwezi. Kidole kikapona, hawakurudi. Kebonang alikuwa amemzika dada yake mwaka uleule, akaogopa kumzika na mume, na lile neno "punguza" mdomoni mwake likageuka "acha". Jirani mmoja akamwambia maharage nayo ni mabaya, akayaacha. Mwingine akataja mayai. Kuku wakataga, mayai yakaliwa na watu wengine. Maziwa ya mgando yakafuata mkondo huohuo. Ukabaki uji mzito wa mtama, mboga za majani na chai. Naye, asije akamtamanisha mwenzake, akala hivyohivyo.

"Mama Thuso, mimi ni mbuzi?" Oagile alikuwa akimuuliza. "Kila siku majani."

"Mbuzi haugui jongo."

Oagile alikuwa mchimba visima, mtu aliyebeba mabomba ya chuma begani peke yake, na nusu ya watu wa mji wa Serowe walikunywa maji aliyoyatoa yeye ardhini. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na suruali yake ilishikiliwa na kamba. Akaacha kwenda porini kwenye ng'ombe wake, akamwachia mpwa wake Modiri. Watu wakasema ni uzee. Kebonang naye akasema ni uzee, akaongeza mboga.

Asubuhi moja ya Julai, baridi imekaza, alisikia kishindo chumbani. Alimkuta Oagile sakafuni, kati ya kitanda na ukuta.

"Umevunjika?"

"Sijavunjika. Miguu tu imenikatalia. Nivute."

Akamshika makwapani, akavuta. Akavuta tena. Mara ya tatu magoti yake mwenyewe yakalegea, akateleza akakaa chini kando yake. Alipojaribu kusimama, hakuweza. Wakabaki hivyo kwenye saruji ya baridi, migongo imeegemea kitanda.

"Nani atatuokota?" Oagile aliuliza.

"Tshenolo hupita saa tatu kuchota maji."

"Saa tatu? Hata jua halijatoka."

"Basi tupige soga."

Oagile alicheka kidogo. "Nikuambie kitu. Kwenye ule msiba wa kwa Ramasu, nilikula nyama. Ile wanayoitwanga wanaume mpaka inalainika. Sahani mbili. Nilikula nyuma ya lori, kama mwizi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unalala umenishika mguu, kila usiku, unapapasa kama umevimba."

Kebonang akavuta blanketi kutoka kitandani, akamfunika miguu.

Tshenolo, jirani yao, aliwakuta bado wamekaa. Alimwinua Oagile bila hata kuguna, na wepesi ule wa mzee mikononi mwa mwanamke mwingine ulimuuma Kebonang kuliko magoti yake. Tshenolo akawapakia kwenye gari la kakaye mpaka zahanati.

Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimwambia Oagile akunje mikono kifuani, asimame kutoka kwenye kiti. Oagile akainama mbele, akatetemeka, akabaki palepale.

"Na wewe, mama."

"Mgonjwa ni yeye."

"Jaribu tu."

Kebonang alisimama mara mbili. Ya tatu akarudi kitini kwa kishindo.

"Nyumbani mnakula nini?"

Akamtajia kimojakimoja, na alivyoviacha pia, kwa fahari ya mtu aliyeshika masharti. Nesi akaweka kalamu chini.

"Nani aliwaambia muache vyote hivyo?"

"Daktari."

"Daktari alisema tupunguze nyama," Oagile alisema taratibu, akitazama ukuta.

Nesi hakuwagombeza. Alisema umri unapunguza nguvu, ndiyo, lakini mzee asipokula chakula cha kujenga mwili, misuli inazidi kuisha. Warudishe maharage, mayai, maziwa, kuku, na nyama kidogo mara mojamoja. Wasimame na kukaa kitini kila siku. Damu ya Oagile wataipima, jongo walitazame kwa vipimo, si kwa maneno ya majirani.

"Nguvu zake zitarudi zote?" Kebonang aliuliza.

"Nyingine zitarudi. Zote, sitakudanganya, mama."

Walipofika nyumbani alimpigia simu mwanawe Thuso, aliyekuwa kazini migodini. "Ni mimi niliyemmaliza baba yako," alimwambia.

"Mama, usiseme hivyo."

Oagile alisikia kutoka kitini. "Mwache aseme. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni yangu, mdomo nilikuwa nao."

Kufikia Septemba Kebonang alikuwa akibeba ndoo ya maji kutoka bombani bila kupumzika njiani. Oagile alifika getini tu, kwa fimbo. Walikula sufuria moja, na bado Kebonang alijiona kama mtu anayekula fungu la mwenzake.

Siku moja Modiri alikuja na gari kumchukua mjomba wake akaone ng'ombe. Oagile alivaa kofia yake nzuri. Akashika mlango wa gari, akapandisha mguu, ukashuka. Akaupandisha tena, ukashuka.

"Mjomba, nikubebe. Ni hatua moja tu."

"Mimi si mzigo. Nenda. Wasalimie ng'ombe."

Gari liliondoka. Oagile akakaa kwenye kigoda karibu na geti, kofia bado kichwani. Kebonang akamletea mayai mawili ya kuchemsha kwenye sahani.

"Kula, Baba Thuso."

"Nitakula. Niache kwanza nimalize hasira."

Kebonang akakaa chini kando yake. Mayai yalipopoa kabisa ndipo Oagile akaanza kuyamenya.